Shajara ya mradi: kapilari za ubongo zinavyoongezeka oksijeni ikipungua

8 Februari 2025: Lengo

Ninatengeneza programu ya kompyuta inayoonyesha kipande kidogo cha ubongo wa panya kikipungukiwa oksijeni, kisha kikiota kapilari mpya (mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko yote) hadi kitosheke. Iende kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, na mtu aliyepita fizikia ya kidato cha sita na kuonja Python kidogo aweze kuifuata hatua kwa hatua. Ugunduzi wowote sitarajii. Majibu yapo tayari kwa panya wenyewe, nami nataka kuona kama sheria chache tunazozisoma darasani zinatosha kuyafikia.

Panya hao ni wa Joseph LaManna na wenzake wa Case Western Reserve University, Cleveland, Marekani. Waliwaweka kwenye vyumba ambamo kanieneo ya hewa imepunguzwa hadi nusu ya ile ya usawa wa bahari, wakawaacha humo kwa wiki tatu. Nusu hiyo ni kama kuishi mita 5,500 juu, chini kidogo tu ya kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Panya walihema zaidi, damu ikaongezeka chembe nyekundu, na mtiririko wa damu kichwani ukapanda siku za mwanzo kisha ukarudi ulikokuwa. Pamoja na hayo, ubongo uliongeza kapilari. Umbali wa wastani kutoka kapilari moja hadi jirani yake ulishuka kutoka mikromita 50 hivi hadi 40 hivi. Wakirudishwa kwenye hewa ya kawaida, baada ya wiki nyingine kama tatu mishipa ya ziada inakuwa imeondoka.

Kwa hiyo shabaha ni tatu: 50 iwe 40, iwe ndani ya wiki tatu, na irudi.

Vifaa: kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 8, Python, numpy, scipy na matplotlib. Programu zote ni za bure. Gharama mpaka leo ni bando la kupakulia, shilingi 10,000.

15 Februari: Silinda ya Krogh

Hatua ya kwanza ni hesabu ya karatasi. Mwaka 1919 August Krogh wa Copenhagen alichukulia kila kapilari kama bomba lililonyooka katikati ya silinda ya nyama inayolishwa na bomba hilo peke yake. Yeye alikuwa akishughulika na misuli, na mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel. Ubongo hauna kapilari zilizojipanga sambamba kama msuli, ila kwa kuanzia silinda inatosha:

P(r) = Pk − (M / 4K) × [2R² ln(r/rk) − (r² − rk²)]

Pk ni kanieneo ya oksijeni ndani ya kapilari, rk nusukipenyo cha kapilari, R nusukipenyo cha silinda, M kiasi cha oksijeni kinachotumiwa na nyama, K urahisi wa oksijeni kusambaa.

Nilichukua rk mikromita 3, R mikromita 25 (nusu ya 50), Pk 40 mmHg (milimita za zebaki, kizio cha kanieneo), M mililita 10 kwa gramu 100 kwa dakika, na K 5 × 10⁻¹⁰ kwa sentimita, sekunde na mmHg. Nikaendesha. Ukingo wa silinda ukatoka na kanieneo ya hasi 977.

Kanieneo hasi ya oksijeni haipo duniani. Chanzo: M inaandikwa vitabuni kwa dakika, K kwa sekunde, nami nilizitia zote mbili kwenye mlinganyo mmoja zikiwa hivyo hivyo. Gawanya M kwa 60 na tofauti kati ya kapilari na ukingo inashuka hadi karibu 17 mmHg, yaani ukingo unabaki na 23. Unayenakili, andika vizio pembeni ya kila namba ndani ya msimbo wenyewe.

Kisha nikashusha Pk hadi 25, kuigiza hewa nyepesi. Ukingo ukabaki na 8. Nikapunguza R kutoka 25 hadi 20, ukapanda hadi 15.6. Mikromita tano tu. Umbali umo kwenye mlinganyo kwa mraba wake, ndiyo maana kusogeza mishipa karibu kidogo kunalipa kuliko mtu anavyodhani. Na kwa kuwa (25/20)² ni 1.56, ubongo unahitaji kuongeza mishipa kwa zaidi kidogo ya nusu ya iliyokuwapo. Kwa tishu ya mnyama aliyekwisha kukua, hiyo ni kazi kubwa ya ujenzi.

2 Machi: Kutoka silinda kwenda visanduku

Silinda haioti chochote, inabidi kuwa na eneo. Nikachora mraba wa mikromita 400 kwa 400, nikaukata visanduku vya mikromita 2, jumla visanduku 40,000. Kapilari 64 zikasimama kwa safu, kila moja mikromita 50 kutoka kwa mwenzake. Hiyo ni sawa na kapilari 400 kwa milimita moja ya mraba.

Mambo mawili yalikwama hapa, na la kwanza lilinigharimu fedha.

Kila kisanduku kinabadilishana oksijeni na jirani zake wanne, hivyo unapata milinganyo 40,000 ya kutatuliwa kwa pamoja. Niliiandika kama matriki ya kawaida. Matriki ya 40,000 kwa 40,000 ina namba bilioni 1.6, kila namba baiti 8, jumla GB 12.8. Kompyuta ikaganda. Nikaenda mjini nikanunua RAM nyingine ya GB 8 ya mtumba kwa shilingi 65,000, nikawasha, ikaganda tena, maana kutatua kunahitaji nafasi zaidi ya kuhifadhi tu. Dawa ilikuwa bure muda wote: karibu kila namba kwenye matriki hiyo ni sifuri. Kila mstari una namba tano tu zenye maana. Tumia scipy.sparse, hifadhi hizo tano, na jambo zima linaingia kwenye megabaiti chache. Jibu linakuja kabla hujanyanyua kikombe.

La pili ni muda. Nilitaka kufuata oksijeni ikisambaa sekunde kwa sekunde kwa siku 21. Kwa visanduku vya mikromita 2, hatua ya muda haiwezi kuzidi sekunde 0.0006 hivi bila namba kulipuka. Siku 21 ni zaidi ya hatua bilioni 3. Nusura niache mradi, mpaka nilipopiga hesabu ya oksijeni inachukua muda gani kutoka kapilari hadi mikromita 25: chini ya nusu sekunde. Mshipa unaota kwa siku. Yaani kwa mtazamo wa mshipa, oksijeni siku zote imeshatulia. Basi hakuna haja ya kuifuata ikitembea. Tafuta hali ya utulivu mara moja kwa kila saa ya maisha ya panya, na siku 21 zinakuwa hesabu 504. Zinamalizika usiku mmoja umeme usipokatika.

Rekebisho dogo: matumizi ya M yakiwa hayabadiliki, visanduku vya mbali vinarudi kwenye hasi. Seli isiyo na oksijeni haiwezi kuitumia. Zidisha M kwa P/(P+1), na hasi zinakwisha.

Matokeo yanatisha kuliko ya Krogh, kwa sababu kona ya mraba iko mikromita 35 kutoka kwa kapilari, si 25. Kwenye hewa ya kawaida kona zina karibu 15 mmHg. Pk ikishuka hadi 25, kona hazifiki 2. Nikipanga kapilari 100 badala ya 64, mikromita 40 kwa 40, kona zinapanda hadi karibu 11. Kumbuka namba hizi tatu, ndizo rula ya kila kitu kinachofuata.

30 Machi: Nani anajua kwamba oksijeni imepungua?

Wiki hizi zilikwenda kwenye kusoma kuliko kuandika msimbo. Muhtasari kwa atakayefuata:

Seli zako zinatengeneza protini iitwayo HIF-1 alfa muda wote, hata sasa hivi, na kuiharibu muda wote. Oksijeni ikiwapo, vimeng'enya vya PHD vinaibandika alama kwa kutumia oksijeni hiyohiyo, protini ya VHL inaiona alama, na mtambo wa seli wa kusaga protini unaimaliza. Haidumu zaidi ya dakika chache. Oksijeni ikipungua, PHD wanakosa malighafi, alama haibandikwi, HIF-1 inasalimika, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni kadhaa. Mojawapo ni ya VEGF, kichocheo cha kuotesha mishipa. Nyingine ni ya erithropoetini inayoongeza chembe nyekundu, na ya kipitisha glukosi GLUT1. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Nobel ya mwaka 2019 kwa kufumbua njia hii.

Mwanzoni nilidhani lazima kuwe na kengele inayolia hatari ikija. Iko kinyume: kengele inalia siku zote, oksijeni ndiyo inayoinyamazisha. Faida yake ni kasi. Seli haihitaji kuanza kutengeneza protini upya wakati hewa imekwisha kupungua.

Kwenye programu nimerahisisha sana: kisanduku chenye chini ya 10 mmHg kina njaa na kinatoa VEGF, chenye zaidi ya hapo hakitoi. VEGF inasambaa kwa jirani na kuoza polepole. Namba 10 nimeichagua mimi, kwa kuwa inaangukia kati ya kona zenye 15 na kona zenye 2. Seli halisi haina swichi kali namna hii.

19 Aprili: Pande tatu, na msaada kutoka kwenye visima vya mafuta

Mshipa unaoota unakwenda juu, chini na pembeni, kwa hiyo nimehamia kwenye mchemraba wa mikromita 200 kila upande, visanduku vya mikromita 4, jumla 125,000. Kapilari 16 za kusimama. Amri ya scipy ya spsolve, inayotatua milinganyo yote kwa mpigo na iliyotosha kwa mraba, ikawa inachukua dakika nyingi. Amri nyingine, cg, inayolikaribia jibu hatua kwa hatua, inamaliza kwa sekunde chache.

Kabla ya kuotesha chochote niliendesha hewa ya kawaida nione kama kona zitatoa 15 kama kwenye mraba. Zilitoa karibu sifuri. Panya yuko usawa wa bahari, mzima wa afya, na nusu ya ubongo wake inalilia VEGF.

Nilikagua vizio. Sawa. Nikakagua mipaka ya mchemraba. Sawa. Siku kadhaa zikapita nikiwa nimeutupia lawama msimbo wa cg, ambao haukuwa na kosa. Jibu nililikuta mahali ambapo sikuwa na sababu ya kutafuta: uhandisi wa mafuta. Mwaka 1978 Donald Peaceman alionyesha kwamba kisima kikiwekwa kama kisanduku kimoja kwenye gridi, hesabu inakichukulia kana kwamba nusukipenyo chake ni 0.2 tu ya upana wa kisanduku. Kisanduku changu ni mikromita 4, kwa hiyo kapilari yangu ya mikromita 3 ilikuwa inahesabiwa kama uzi wa mikromita 0.8. Uzi mwembamba hivyo hauwezi kutoa oksijeni ya kutosha, hata ukiwa umejaa.

Dawa: kila kapilari iwe na unene wa visanduku viwili kwa viwili. Unene wake wa kihesabu unakaribia mikromita 3, na kona zikarudi kwenye 15. Kama nisingekuwa na jibu la mraba mkononi, ningeendelea na mradi mzima juu ya ubongo wa panya mwenye njaa ya kudumu, na picha zingependeza vilevile.

24 Mei: Machipukizi

Hapa ndipo sehemu ya kufurahisha ilipoanza, na karibu kila kitu kiliharibika.

Sheria ya kwanza: ukuta wa mshipa ukiguswa na VEGF ya kutosha, unatoa chipukizi, na chipukizi linafuata mahali VEGF inakozidi. Nilishusha Pk hadi 25, nikalala. Asubuhi mchemraba ulikuwa umejaa mishipa mpaka hakuna nafasi ya neuroni kupita. Shamba la mahindi ambalo hakuna aliyepunguza miche. Kila kisanduku cha ukuta kilikuwa kimeguswa na VEGF, kwa hiyo kila kimoja kilichipua.

Mwili una sheria ya kupunguza miche. Seli ya ukuta inayowahi kuitikia VEGF inakuwa seli ya ncha, ile inayotangulia na kunusa njia. Hapo hapo inatoa juu ya uso wake protini ya Dll4, inayogusa kipokezi kiitwacho Notch cha seli jirani, na jirani anapunguza vipokezi vyake vya VEGF. Anabaki nyuma kuwa shina. Nimeiweka hivi: penye seli ya ncha, hakuna ncha nyingine ndani ya mikromita 20 kwenye mshipa huohuo. Mistari minne ya msimbo, na msitu ukawa matawi.

Tatizo la pili lilijificha zaidi. Machipukizi yalitoka, yakatembea kidogo, yakasimama katikati ya safari. VEGF ilikuwa imezimika. Programu ilikuwa inahesabu kila kisanduku cha chipukizi kama chanzo cha oksijeni tangu siku kinapoota. Lakini chipukizi ambalo halijaungana na mshipa mwingine ni kichochoro kisicho na mtokeo: damu haipiti, hivyo hakuna oksijeni mpya. Nikabadilisha: linalisha pale tu ncha yake inapogusana na mshipa mwingine na damu ikapata pa kuingilia na pa kutokea.

Mabadiliko hayo yaliniwezesha kuelewa jambo lililokuwa limenitatiza kwenye kusoma. Mwaka 2006 watafiti walizuia Dll4 kwenye uvimbe wa saratani wa panya. Mishipa iliongezeka sana, na uvimbe ukakua kwa kasi ndogo zaidi. Nilirudisha msitu wangu wa kwanza, safari hii nikiwa na sheria ya kuungana. Mishipa mingi kupindukia, mingi yake ikiwa vichochoro, na visanduku vyenye njaa bado ni vingi. Kumbe wingi wa mishipa na wingi wa oksijeni ni vitu viwili.

Tatizo la tatu lilikuwa la kupima. Nilihesabu matundu kwenye kipande cha mlalo, kama afanyavyo mtu wa hadubini, nikapata ongezeko dogo mno. Ilhali kwenye picha mishipa mipya inaonekana kwa macho. Machipukizi mengi yalikuwa ya mlalo, yakiunganisha nguzo na nguzo, na kisu cha mlalo hakikatizi mshipa wa mlalo. Sasa napima urefu wote wa mishipa yenye damu ndani ya mchemraba. Mwanzo ni mikromita 3,200 (nguzo 16 za 200). Shabaha ni 5,000.

Kasi ya ncha nimeiweka kisanduku kimoja kila saa 6, baada ya kusubiri siku moja. Kwa mpangilio huo mchemraba unatulia kati ya mikromita 4,700 na 5,300, kutegemea bahati nasibu ya kila uendeshaji, na VEGF inazimika yenyewe kuelekea mwisho wa wiki ya tatu. Kwa panya wa Cleveland pia HIF-1 inapanda mwanzoni na kushuka siku zinapokaribia 21.

Tahadhari kwa msomaji: wiki tatu si utabiri wa programu. Nilichagua kasi ya ncha hadi muda ukalingana. Kile ambacho sikukilazimisha ni kusimama. Hakuna mahali nilipoandika "acha kuota ukifika 5,000". Inaacha kwa sababu njaa imekwisha.

21 Juni: Kurudi kwenye hewa ya kawaida

Nilipandisha Pk kutoka 25 hadi 40 na kusubiri mishipa ya ziada iondoke. Haikuondoka. Bila shaka: sikuwahi kuandika sheria ya kuondoa.

Sheria ya kwanza niliyojaribu: mshipa usiopata VEGF unakufa. Ndani ya siku chache za kuigiza, mchemraba ukabaki hauna mshipa hata mmoja, pamoja na zile nguzo 16 za asili. Halafu njaa ikarudi kwa kishindo, lakini hapakuwa na ukuta wa kutoa chipukizi.

Kinachokosekana ni perisaiti. Hizi ni seli zinazoikumbatia kapilari kwa nje, na ubongo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye perisaiti nyingi zaidi. Mshipa uliokumbatiwa vizuri hauhitaji VEGF kila siku ili uishi. Protini iitwayo angiopoetini-2 hulegeza kumbatio hilo, na hapa pana uamuzi ninaoupenda kuliko yote niliyoyasoma mwaka huu. Ikilegezwa VEGF ikiwapo, mshipa unapata uhuru wa kuota. Ikilegezwa VEGF ikiwa haipo, mshipa unakufa. Amri moja, matokeo mawili, na kinachoamua ni kama kuna njaa. LaManna na mwenzake Paola Pichiule waliipima mwaka 2002: angiopoetini-2 ilipanda panya walipoingizwa kwenye hewa nyepesi, na ikapanda pia walipotolewa.

Nikaandika: Pk ikibadilika kwa ghafla, juu au chini, mishipa yote inalegea kwa muda. Iliyolegea na isiyo na VEGF inaweza kuondolewa. Bado ilikufa mingi mno, kwa sababu nilikuwa naiondoa yote ya saa hiyo kwa mpigo. Mishipa miwili inayolisha kona moja ilionekana kila mmoja hauhitajiki, ikaondolewa yote miwili, na kona ikabaki yatima. Sasa inaondolewa mmoja mmoja, na kila baada ya kuondoa oksijeni inahesabiwa upya kabla ya kugusa mwingine. Ni polepole sana, karibu mara nane ya muda wa kuotesha, ila inafanya kazi: urefu unashuka hadi mikromita 3,300 hivi na kukaa hapo. Hautui pale pale kwenye 3,200, na mara nyingi kinachobaki si mishipa ile ile ya mwanzo.

Umeme ulikatika mara mbili katikati ya uendeshaji mrefu. Hifadhi hali ya mchemraba kwenye faili kila saa 24 za panya. np.save, mstari mmoja.

12 Julai: Swali la wapagazi

Nilionyesha picha darasani. Kijana wa kidato cha tano, ambaye baba yake ni mpagazi wa Kilimanjaro, akanyoosha mkono: "Mwalimu, baba anapanda hata mara mbili kwa mwezi. Ina maana ubongo wake una mishipa mingi kuliko wako?"

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Nikaingiza ratiba: Pk inashuka kidogo kidogo kutoka 40 hadi 25 kwa siku 6, kisha inarudi 40. Siku ya sita kuna machipukizi mengi yenye ncha zilizochangamka, ila machache mno yameungana. Urefu wenye damu ni karibu 3,400. Baada ya kushuka, yasiyoungana yanakufa kwanza na mengine yanafuata. Nikirudia safari mara mbili kwa mwezi, kila safari inaanza karibu na sifuri.

Nilimweleza kwamba hiyo ni hesabu ya panya kwa kasi ya panya, na baba yake si panya. Faida ya mtu kuzoea mlima kwa siku chache inatokana na mambo yanayowahi zaidi, kuhema kwanza, na mtiririko wa damu kichwani. Tena mishipa kuanza kuitikia kuna upande wake mbaya. VEGF kabla haijapewa jina hilo ilitambuliwa mwaka 1983, maabara ya Harold Dvorak, kama kitu kinachofanya mishipa ivujishe maji. Mshipa unaojiandaa kuota unalegea, na unaolegea unavuja. Ndani ya fuvu hakuna pa kutanukia. Kwa hiyo mpandaji ambaye kichwa kinamuuma sana na anayumba hasubiri kuzoea. Anashushwa, hata kama ni usiku.

Kijana akasema, "Hayo baba anayajua, Mwalimu. Yeye ndiye huwashusha."

9 Agosti: Hali ilivyo na gharama

Shabaha ya kwanza na ya tatu zimefikiwa kwa kiasi. Ya pili nimeilazimisha, kama nilivyosema. Chembe nyekundu sijaziingiza kabisa. Zikiingizwa, Pk itapanda yenyewe baada ya siku kadhaa na mishipa michache zaidi itahitajika, kwa hiyo 5,000 yangu huenda inalingana kwa makosa mawili yanayofutana. Mtiririko wa damu nao haupo: mshipa ama una damu ama hauna.

Kinachofuata ni panya wazee. Kwa panya wa Cleveland waliozeeka HIF-1 haipandi ipasavyo hewa ikipungua, na PHD wanahusishwa na jambo hilo. HIF-1 yenyewe huwasha baadhi ya jeni za PHD, yaani inamlea anayeiua. Nitaweka PHD kama namba inayopanda na kushuka badala ya swichi ya 10 mmHg, nione kama kuipandisha kunatosha kuzuia machipukizi.

Fedha: bando kwa miezi yote shilingi 60,000, RAM isiyohitajika 65,000, umeme wa ziada nakadiria 25,000, kuchapa picha za darasa 8,000. Jumla 158,000. Atakayeanza leo kwa matriki ya sparse aondoe ile ya RAM. Aanze na mraba kabla ya mchemraba, kapilari ziwe visanduku viwili kwa viwili, na asiguse machipukizi mpaka kona za hewa ya kawaida zisome karibu 15.